Mzinga wa Babu Mwau

Kilungu, 26 Januari 2025

Kwa kaka yangu Mutie,

Wakya? Itikia "aa" hapo hapo uliposimama, nitasikia. Mimi ni mzima, kikohozi kiliisha wiki ya kwanza ya kufungua shule. Natumaini wewe, mama, baba na mbuzi wote mko salama. Yule mwenye pembe moja bado anakula nguo kwenye kamba?

Simu hapa ni haramu, kwa hivyo vumilia mwandiko wangu. Siandiki kuomba sabuni. Nina jambo.

Anayelala kitanda cha juu yangu anaitwa Sandra Kinuthia. Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi pale Emali. Msichana huyu, Mutie, hajawahi kuona mnyama wa porini isipokuwa kwenye simu. Hata ngiri! Jumapili baada ya ibada tunakaa nyuma ya jikoni, pahali pekee penye kivuli, na kivuli chenyewe ni cha tangi la maji. Miti ya shule ilikatwa yote ili bweni letu jipya lipate nafasi. Ni hapo nilipoanza kuwasimulia Kitheka.

Niliwaambia kwamba kwetu Kanyangi tuna pori letu wenyewe, nyanya yetu Susu alituachia, kutoka nyuma ya boma mpaka mtoni, na tangu dunia iumbwe jembe halijaingia. Nikawasimulia ule mkuyu ambao watu wanne hawaukumbatii. Nikawasimulia nyani, na digidigi, na mlembe, yule ndege anayekuita kwa kelele mpaka kwenye nyuki halafu anangoja umwachie sehemu yake ya asali. Sandra akasema, "Atiriri, Kathini, unatupiga fiksi." Sasa kila Jumapili wanataka tena. Kuna wasichana wa kidato cha pili wanakuja na daftari, eti wachore.

Nimemwahidi Sandra atakuja kwetu likizo ya Aprili aone kwa macho yake. Mama yake amekubali. Mwambie mama yetu. Na ukimsikia mlembe, mwambie asihame.

Dada yako mdogo,
Kathini


Kanyangi, 9 Februari 2025

Kwa dada yangu Kathini,

Aa! Nimeitikia, mpaka punda akageuka.

Hapa tu wazima kwa neema. Mama goti linamsumbua kidogo. Baba amechaguliwa shemasi, siku hizi hata kukohoa anakohoa kwa heshima. Barua yako ilipofika akauliza, "Mwaitu anasemaje?" Huyo mama yake ni wewe. Kupewa jina la Susu kumekupa cheo ambacho mimi sitakipata hata nikioa wake watatu. Na mbuzi mwenye pembe moja alikula kitambaa cha meza siku mchungaji alipotutembelea. Mchungaji alicheka. Baba hakucheka.

Kuhusu mgeni, Aprili si nzuri. Jua ni kali na maji ni shida, mama anatoka na punda alfajiri anarudi jua likiwa utosini. Huyo wa Emali ataoga na nini? Mwambie Desemba. Ama umwonyeshe picha kwenye kitabu cha Biolojia.

Soma hesabu, hiyo ndiyo iliyokuleta Kilungu.

Kaka yako,
Mutie


Kilungu, 16 Februari 2025

Mutie,

Salamu nitakupa mwisho wa barua ukistahili.

Wayua wa kwa Kitonga amerudi shule jana. Alikuwa nyumbani na malaria. Amesema malori ya mchanga yanapita katikati ya Kitheka, kuna barabara nyekundu kutoka boma letu mpaka mtoni. Amesema migunga yote ya chini imekuwa makaa. Halafu akasema, na huku anaangalia viatu vyake, kwamba alikuona juu ya lori na koleo, umejifunga shati kichwani.

Wewe!

Nilimwita mwongo mbele ya Sandra. Kama ni mwongo, niandikie nimcheke. Kama si mwongo, niandikie pia, na usinipe habari za mbuzi.

Goti la mama limeamkaje?

Kathini


Kanyangi, 25 Februari 2025

Kwa dada yangu,

Goti la mama ni afadhali. Wayua si mwongo.

Nisikilize kabla hujararua karatasi. Baba hakufanya kwa ubaya. Tulichimba mchanga wa mto Januari, tukashuka urefu wa mtu mzima, hakuna unyevu. Mama anamfuata punda mbali, na goti ni hilo. Watu wa malori wakaja, wakamwambia baba akiwapa njia ya kupita Kitheka, watamchimbia kisima cha pampu karibu na boma. Baba akaombea siku mbili, akakubali.

Sasa wewe umesoma, fikiri. Mchanga ndio uliokuwa mtungi wetu. Mvua ikinyesha maji yalikaa ndani yake mwaka mzima. Wameuchota kuanzia huko juu ya mto, maji yameenda nao. Kwa hivyo baba anawapa mchanga ili wampe maji ambayo mchanga huo huo ulikuwa nayo. Nilimwambia hivyo mezani. Akaniambia nitafute kazi. Nikatafuta. Kazi iliyopo Kanyangi kwa kijana wa kidato cha nne ni koleo.

Sehemu ya juu, penye mkuyu, ingali imesimama. Baada ya Pasaka wanataka kuifyeka iwe pahali pa malori kugeukia.

Na neno lingine, usikasirike. Wewe hujawahi kumsikia mlembe. Mara ya mwisho alipolia hapa ulikuwa unabebwa mgongoni. Nyani walihama mimi nikiwa darasa la pili. Unachowasimulia hao wenzako ni Kitheka cha Susu. Chetu ni mkuyu, migunga michache na digidigi mmoja aliyekonda, na siku nyingine nashuku ni mbuzi wa Kitonga.

Nimechoka, mikono ina malengelenge. Salamu zako ziko wapi?

Kaka yako,
Mutie


Kilungu, 2 Machi 2025

Kwa kaka yangu Mutie,

Wakya, wakya, wakya. Hizo ni za barua iliyopita pia. Paka mikono mafuta ya nyonyo.

Barua yako nilienda kuisoma chooni, nikalia huko. Ni kweli. Sijawahi kumsikia. Nimeisimulia sauti yake mara nyingi mpaka nikaamini ni masikio yangu yaliyoisikia. Nikamwambia Sandra ukweli wote, nikangoja anicheke. Badala yake akasema, "Mimi pia nimemmiss huyo ndege." Ndege ambaye hakuna kati yetu aliyemwona! Huu ni ugonjwa gani, Mutie? Mtu aliyefiwa anamlilia mtu aliyemjua. Sisi tunamlilia nani?

Halafu Sandra akaniuliza bweni letu limejengwa kwa mchanga wa mto gani. Hata yeye hajui, na mchanga baba yake anauza.

Sasa sikiliza. Unakumbuka Susu alivyosema? Mti wenye mzinga wa mtu haukatwi. Hata kama mti ni wako. Mpaka mwenye mzinga aje mwenyewe auteremshe. Na mzinga wa mtu hauguswi, heri uguse mke wake. Ile mizinga ya magogo ya babu iko kwenye ghala la zamani, nyuma ya plau. Ninginiza mkuyuni. Baba atasema ni ushamba, atasema yeye ni shemasi. Lakini ni Mkamba kabla ya kuwa shemasi. Tuone kama atainua shoka.

Uende na rafiki yako Musyoka, usipande peke yako, wewe ni mzito.

Dada yako,
Kathini


Kanyangi, 27 Machi 2025

Kwa dada yangu Kathini, mwaitu wa baba, mwenye akili nyingi na mwili uliokaa salama Kilungu,

Mimi mzima, lakini nimeponea chupuchupu. Kaa chini.

Mizinga ilikuwa mitatu. Miwili imeliwa na mchwa, ukiishika inakuwa unga. Wa tatu ulikuwa mzuri, mzito, mfuniko wake upo. Mimi na Musyoka tukaupandisha kwa kamba ya punda, tukaufunga kwenye tawi kubwa. Vumbi lilikuwa limeushika, sikuangalia alama. Nani angeangalia alama? Ghala ni la babu, mzinga ni wa babu.

Baba akaja kesho yake jioni na mwenye msumeno wa petroli kumwonyesha kazi. Akainua macho. Mvua ya usiku ilikuwa imeosha lile gogo, na alama inaonekana kama imechongwa jana. Mistari mitatu na mmoja unaikata. Kathini, yetu ni miwili! Ile ni ya ukoo wa Susu. Ni mzinga wa Babu Mwau, kaka yake Susu, yule aliyehamia Kibwezi zamani. Alimwachia babu amtunzie, halafu babu akamwambia umeliwa na mchwa.

Baba aliketi kwenye kisiki. Mwenye msumeno, ambaye pia ni mtu wa Kitui na ana wajomba, alikunja kamba zake akasema yeye hajaona kitu, akaenda. Baba akaniuliza polepole, "Umeninginiza mzinga wa mjomba wangu juu ya mti wangu?" Laana ya mjomba unaijua. Shemasi au si shemasi, hiyo hakuna anayeijaribu. Hakula siku hiyo.

Akaenda kumpigia simu mwenyewe, na Babu Mwau akaja Jumamosi kwa gari la kukodi kutoka Kibwezi, na binti yake Nthenya, na blanketi. Woi, mzee ni mkali! Hasikii vizuri, kwa hivyo anafikiri sisi pia hatusikii. Alisimama chini ya mkuyu akipiga fimbo. "Mchwa! Waliniambia mchwa! Shemeji yangu alikula asali yangu miaka yote hiyo akaniambia mchwa!" Baba, na kanzu yake ya ushemasi rohoni, anasema ndiyo mjomba, ndiyo mjomba.

Baba akamwomba auteremshe aende nao. Mzee akakataa katakata. Alisema huu mzinga uliondoka kwake ukiwa na deni la asali, na hautashuka mpaka ale asali iliyotoka ndani yake. Siku akila na kusema imetosha, baba afanye anavyotaka na mti wake.

Kisha akauliza nani aliyekuwa na wazo hili, mimi nikasema Kathini. Mzee akashusha fimbo. "Kathini? Dada yangu?" Nikasema ni jina lake, yuko Kilungu anasoma. Akacheka mpaka Nthenya akamshika. "Ni yeye. Alikuwa mkaidi hivyo hivyo."

Mzinga ni mtupu, nyuki hakuna, maua hakuna. Kwa hivyo mti umesimama. Njoo na huyo Sandra wako, lakini umwambie aje na matarajio madogo.

Kaka yako,
Mutie


Kilungu, 11 Mei 2025

Kwa kaka yangu Mutie,

Wakya? Sisi tulifika salama, Sandra alitapika kona mbili za Kilungu tu. Anamsalimu mama na anaulizia yule mbuzi. Ile skafu aliyoila hatamdai.

Nilikuwa naogopa sana ile siku, sikukuambia. Unamleta mtu kutoka Emali kumwonyesha mti mmoja na barabara nyekundu. Nilipomwona amesimama akiangalia visiki vya migunga nilitaka kumwambia turudi nyumbani. Lakini uliona vile alivyokaa. Alivua viatu akakaa kwenye mizizi mchana wote, hakuuliza mlembe yuko wapi. Jana ndiyo ameniambia. Anasema alikuwa anasikiliza majani, kwamba hakujua mti mmoja unaweza kuwa na kelele nyingi hivyo. Anasema hajui kama alifurahi au alihuzunika, na kama kuna neno la mambo hayo mawili pamoja nimwambie.

Mimi sina neno. Wewe je?

Mvua imewanyeshea? Huku ni ukungu mpaka saa nne. Baba ananinunia bado? Siku ya kuondoka aliniita mwaitu, lakini aliita akiwa ameangalia upande.

Dada yako,
Kathini


Kanyangi, 8 Juni 2025

Kathini,

Salamu, afya, goti, mbuzi, yote sawa. Hii barua uisome peke yako.

Nyuki wameingia.

Mvua ya Aprili iliiamsha ile migunga michache, ikatoa maua. Wiki jana nilipita chini ya mkuyu nikasikia ngoma ndogo juu. Nikafikiri ni lori mbali. Nikainua macho nikaona mmoja anaingia, mwingine anatoka, mlango mzima umejaa. Nilisimama pale nikasahau nilikuwa naenda wapi. Nilitaka kukimbia mpaka Kilungu nikuite dirishani.

Halafu nikakumbuka sharti la mzee. Mzinga mtupu ndio uliokuwa unaulinda mti. Asali ikiwepo, Babu Mwau atakula, atasema imetosha, na mwenye msumeno yuko Kanyangi bado. Watu wa malori wanamuuliza baba kila wiki, na kile kisima cha pampu wamesema hawachimbi bila pahali pa kugeukia.

Kuna jingine. Nthenya anapiga simu kutoka Kibwezi. Mzee ameanguka, hatoki kitandani, chakula hataki. Anauliza kitu kimoja kila asubuhi, kama nyuki wameingia. Mimi nimejibu mara mbili sasa kwamba hawajaingia. Mara ya pili Nthenya akaniuliza kama sauti yangu ina mafua.

Baba hajui. Hapiti kule, anauonea haya mti. Nikinyamaza, mzee atakufa na mti utabaki. Niambie nifanye nini, wewe ndiwe dada yake.

Kaka yako,
Mutie


Kilungu, 15 Juni 2025

Kwa kaka yangu Mutie,

Sikulala vizuri, lakini mwili ni mzima. Asante kwa kuniambia kabla ya mtu mwingine.

Nilimwonyesha Sandra, nisamehe. Yeye akasema nyamaza, mzee amekula miaka yake. Na mimi nilisema hivyo hivyo. Niliandika hata barua ya kukwambia unyamaze, nikaikunja. Kisha tukakaa pale nyuma ya jikoni, wasichana wakaja na madaftari yao, wakaniuliza asali ya porini ina ladha gani. Nikaanza kuwaambia, nikanyamaza katikati. Sijui ina ladha gani. Naitamani tu. Babu Mwau ana hamu ile ile niliyo nayo, tofauti ni kwamba yeye aliwahi kuonja.

Nitawezaje kumnyima? Nimekasirika miezi yote hii kwa sababu watu walikula dunia wakaniachia hadithi. Sasa asali ipo, na mimi nimwachie mzee hadithi?

Mwambie baba. Mpelekeeni. Kama mkuyu utaanguka, ukate kijiti kimoja uniwekee, nikipande popote patakaponipokea. Mkuyu hushika kwa kijiti, Susu alisema. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Ninaandika huku nalia, lakini usibadilishe.

Dada yako,
Kathini


Kilungu, 6 Julai 2025

Mutie,

Wakya? Umenyamaza. Wayua hana habari, Sandra ananiuliza kila jioni. Je, mkuyu umeanguka? Umeangushwa? Andika hata mstari mmoja.

Dada yako


Kanyangi, 20 Julai 2025

Kwa dada yangu Kathini,

Aa. Nisamehe kimya, tumekuwa na msiba. Sisi wa hapa ni wazima, isipokuwa jicho langu la kushoto ambalo utalisikia.

Nilimwambia baba. Nilidhani atafurahi, barabara yake imefunguka. Alivaa koti, akaenda chini ya mkuyu, akasikiliza muda mrefu. Aliporudi alisema, "Leta moshi." Tulipanda sote wawili, shemasi na mwanawe, na hapo ndipo jicho lilipopata mwiba wake wa nyuki. Masega mawili tulitoa, tukawaachia yaliyobaki. Mimi nilitaka kulamba kidole, baba akanipiga mkono. Mwenye mzinga hajaonja.

Tukafika Kibwezi mchana. Babu Mwau amebaki mifupa na macho. Nthenya akamwinua, baba akapiga magoti na bakuli. Mzee akachukua sega kwa mkono wake, akatafuna. Alitafuna mpaka nta ikabaki peke yake, akachukua tena. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyajali. Mimi nilitazama ukuta. Kathini, ulisema kweli, nisingejisamehe.

Baba akangoja kwa adabu. Halafu akainama kwenye sikio lake, akasema kwa sauti ya kanisa zima, "Mjomba, umekula. Imetosha? Tuuteremshe mzinga?"

Mzee akauliza nani alisema aletewe. Mimi nikamwambia, Kathini. Nikamwambia alijua mti utakatwa, na bado akasema aletewe.

Mzee akalamba kidole gumba, akakiangalia, akasema, "Bado."

"Bado nini, mjomba?"

"Haijaiva. Ina maji. Msiuguse huo mzinga mpaka niseme." Baba akanyoosha mkono achukue bakuli la asali isiyoiva. Mzee akalivuta chini ya blanketi.

Njiani tukapita Emali. Pale baba akaanza kucheka peke yake. Alikuwa hajacheka tangu achaguliwe.

Babu Mwau alifariki Ijumaa iliyofuata. Tumemzika Kibwezi. Nthenya anasema bakuli lilikuwa safi kama limeoshwa. Kuhusu mzinga hakusema tena.

Mkubwa wa malori alikuja juzi. Baba akamwambia mwenye mzinga hajatoa neno. Yule bwana akasema mwenye mzinga amekufa. Baba akasema, "Ndiyo. Kwa hivyo atachelewa." Malori yamehamia ng'ambo ya pili, kwa watu wengine, na sina la kujivunia hapo. Kisima cha pampu hakuna. Mama bado anatoka na punda, sasa mimi namfuata. Koleo nimelirudisha. Mimi na baba na Musyoka tunapanga mawe kukata mto pale chini, Novemba ikinyesha mchanga ushike. Huenda ukashika, huenda ukasombwa wote.

Sega dogo nimekufichia kwenye chupa, lile lililobaki kwenye ndoo. Baba analijua, anajifanya halioni. Njoo na Sandra Agosti, asijipake marashi, nyuki hawapendi.

Baba amesema niandike hili kwa maneno yale yale, kwamba mzee alipotuaga alimshika mkono akasema, "Mwambieni dada yangu Kathini, bado." Nimeandika.

Mlembe sijamsikia. Bado.

Kaka yako,
Mutie